Siku moja maishani mwangu: fundi wa matela ya boti, Mtwara

Saa 12 asubuhi

Kabla sijafungua karakana naangalia mwezi na upepo. Juzi mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo tuko kwenye bamvua: maji yatakauka sana asubuhi hii na kujaa jioni, saa 10 na kitu. Hiyo ndiyo saa ninayoitaka kujaribu tela jipya majini. Upepo ni kusi, tena umeanza mapema. Namwandikia mteja: "Njoo saa 8 na pikapu, boti na kayaki zote mbili. Mikanda usisahau." Anajibu, "Sawa fundi, nakuja."

Natengeneza matela ya kubebea boti ndogo na kayaki hapa Mtwara mjini. Mageti na madirisha nayafanya pia, kwa sababu ndiyo yanayolipa pango, lakini moyo wangu uko kwenye matela. Na kila anayekuja namwambia jambo lile lile: adui wa tela la boti ni chumvi, mzigo unafuata nyuma sana. Kayaki ya plastiki ina kilo 25 hadi 35, watu wawili wanaibeba kwa mikono. Hakuna ekseli inayokatika kwa uzito huo. Inayokatika ni ile iliyoliwa na kutu ndani kwa ndani huku nje rangi bado inang'aa.

Saa 1 asubuhi

Kijana ninayemfundisha kazi ameshafika. "Shikamoo fundi." "Marahaba, toa turubai tuanze." Chini ya turubai kuna tela tunalolimalizia leo.

Mwenyewe, yule mteja niliyemwandikia, huwapeleka wageni kupiga kasia Mikindani, na wakati mwingine Msimbati. Siku aliyokuja kuulizia bei, mimi ndiye niliyeanza na maswali. Boti ina urefu gani? Faiba, mita 4. Kayaki ndefu kuliko zote? Mita 4 na nusu. Gari gani litavuta? Pikapu. Utashushia wapi? Hapo ndipo nilipokaa naye muda mrefu, maana tela huchaguliwa na mahali pa kushushia kuliko na chombo chenyewe.

Mikindani ufukwe una mteremko mdogo sana. Ukirudisha tela nyuma, linaingia mbali kabla boti haijaelea, na likiwa na shingo fupi, kile chuma cha mbele kinacholiunganisha na gari, litavuta matairi ya nyuma ya gari yaingie nalo majini. Kwa hiyo tela hili nimelipa shingo ndefu. Faida ya pili ni kwamba pua ya kayaki haigongi gari kwenye kona kali. Msimbati shida ni mchanga. Pale nimehakikisha umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia la tela ni sawasawa na ule wa pikapu, ili yapite kwenye njia ambayo gari limeshaikanyaga. Tela jembamba au pana kuliko gari hulima njia yake mpya kila hatua, na gari linachoka bure. Rimu na stadi (bolti za tairi) ni zile zile za pikapu, kwa hiyo tairi moja la akiba linahudumia vyote viwili. Wapo wanaotaka vitairi vidogo kwa sababu ni rahisi. Kitairi kidogo huzama mchangani, na barabarani huzunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, hivyo beringi zake hupata moto haraka.

Chuma nacho. Watu wanapenda skwea paipu, inapendeza macho. Kwa tela la kuingia majini mimi natumia chaneli, ile iliyo wazi upande mmoja. Unaiona yote, unaiosha yote, unaipaka rangi yote. Anayeng'ang'ania skwea paipu namzibia ncha zote kabisa, au namtobolea matundu upande wa chini maji yatoke. Ile iliyozibwa nusunusu ndiyo mbaya kuliko zote: maji ya bahari yanaingia, hayatoki, na ndani hakuna brashi inayofika.

Saa 3 asubuhi

Kaka mmoja amekuja na tela alilolinunua kwa mtu, lilitoka nje likiwa limetumika. Rangi mpya, bluu safi. Anataka nimwongezee tu vishikio vya kayaki.

Nimechukua nyundo ndogo nikaanza kugonga kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinaita. Nilipofika karibu na springi sauti ikafa, ikawa kama kugonga mbao mbichi. Nikasugua rangi kwa grenda kidogo tu, na chini yake kukatoka maganda ya kutu. Kisha tukainua tairi moja, nikalishika juu na chini nikalitikisa, likacheza. Tukafungua kifuniko cha habu, kile kitovu cha tairi chenye beringi.

Hapa nilimwita kijana wangu aje aone kwa karibu. Grisi nzima, mara nyingi ya kahawia au nyeusi, inavutika ukiichukua kidoleni. Hii ilikuwa nyeupe-nyeupe, nyepesi, na ndani yake kulikuwa na tone la maji kabisa. Beringi zilikuwa na madoa meusi ya vishimo. Sababu yake inaeleweka. Tela likitembea, habu hupata moto na hewa iliyomo ndani hutanuka. Ukiliingiza baharini saa ile ile, hewa hupoa ghafla, husinyaa, na kuvuta maji kupitia sili, ule mpira wa kuzuia maji yasiingie. Ndiyo maana nawaambia watu wakifika ufukweni wasikimbilie majini. Fungua mikanda kwanza, pakua vifaa, ongea na watu. Weka kiganja kwenye habu. Ikiwa ya moto, ngoja.

Yule kaka hakufurahi, lakini alinishukuru. Tumekubaliana tukate kile kipande kilichooza tuweke kipya, tubadilishe beringi na sili pande zote mbili, na tuweke vifuniko vyenye springi ndani ambavyo husukuma grisi kuelekea kwenye sili muda wote, maji yasipate nafasi. Vishikio vya kayaki vitasubiri zamu yao.

Saa 5 asubuhi

Tunavalisha tela letu. Boti inalalia mbao mbili ndefu za mti mgumu, zimefunikwa zulia kuukuu. Skrubu zake ni za chuma kisichoshika kutu, na vichwa vyake vimezamishwa ndani ya mbao visikwaruze faiba. Katikati, chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, kuna rola za mpira. Mbao zinafika mpaka chini ya ubao wa nyuma wa boti, pale inapofungwa mashine. Zikiishia kabla ya hapo, mashine ikiachwa imefungwa uzito wake utaipinda boti taratibu na mwenyewe hatajua kinachoendelea.

Kayaki zinakaa juu ya boti, kwenye nguzo mbili zenye umbo la herufi T. Nguzo hizo sizichomelei kwenye fremu. Nazifunga kwa yubolti, bolti zenye umbo la herufi U, ili mteja akinunua kayaki nyingine kesho azisogeze mwenyewe kwa spana. Umbali kati ya nguzo moja na nyingine nauacha uwe kama nusu ya urefu wa kayaki. Zikikaribiana, ncha zinaning'inia na kuchezacheza. Zikiachana sana, tumbo linabonyea. Plastiki ni laini kuliko watu wanavyodhani. Kwenye jua la saa 7 la huku kwetu, kayaki iliyokazwa kwa mkanda wa racheti, ule unaokazwa kwa mpini wa chuma, inaweza kubaki na bonde ambalo halitoki. Kwa hiyo kwa kayaki nataka mkanda bapa wenye kibanio cha kawaida, uvutwe kwa nguvu ya mkono tu. Uusokote mara moja kabla ya kuufunga, hautapiga kelele kwenye upepo. Na kamba mbili zaidi, moja puani na moja mkiani. Mikanda huzuia kayaki isiruke juu. Kamba huizuia isigeuke na upepo wa ubavuni.

Kijana alitaka kuchomelea kipande cha bomba la zinki bila kukisaga. Nimemzuia. Moshi wa zinki unaleta homa na kifua kubana, na mafundi wengi wanaamini kunywa maziwa kunaponya. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umeingia kwenye mapafu. Saga zinki yote mpaka chuma kionekane, simama upande unakotoka upepo, kisha choma. Ukimaliza, paka rangi ya zinki pale ulipochoma, maana hapo chuma kimebaki uchi.

Saa 7 mchana

Wali na samaki. Mzee mmoja mvuvi wa mtaa wa pili ameingia tukiwa tunakula. "Mwanangu, na mtumbwi wangu nao unapanda kwenye hicho?" Nimemkaribisha, tumezungumza. Mtumbwi wake hautoki pale unapolala. Anausukuma tu kutoka mchangani hadi majini na kurudi. Tela la barabarani lingemmalizia pesa zake bure. Kinachomfaa ni kitoroli cha kusukuma kwa mkono chenye matairi mapana yasiyojazwa upepo sana, kikae katikati ya mtumbwi. Kesho nitakwenda kuupima.

Saa 8 mchana

Mteja amefika. Tumepakia boti na kayaki. Mashine ya boti inakaa kwenye pikapu, sitaki ining'inie nyuma kwenye njia mbovu. Tela tupu lina kilo 180, boti 150, kayaki mbili 60. Jumla 390.

Sasa kazi ninayoipenda kuliko zote. Jirani yangu ana ghala, na mizani yake ya kupimia ufuta na korosho huniazima. Tumeiweka chini ya kichwa cha tela, ncha ya shingo inayoshika gari, juu yake kipande cha mbao kifikie urefu wa mpira wa chuma wa kuvutia ulio nyuma ya gari, tela likae sawa kama litakavyokaa barabarani. Mizani imesoma kilo 20. Ni kidogo. Uzito unaokaa kwenye gari unatakiwa uwe kama asilimia 7 hadi 10 ya jumla, yaani hapa kati ya 27 na 39. Ukipungua, tela huanza kuyumba mkia kadiri mwendo unavyoongezeka, na dereva akishtuka na kukanyaga breki hali inakuwa mbaya zaidi. Ukizidi, gari linakaa kitako na usukani unakuwa mwepesi. Tumeisogeza boti mbele shibiri moja. Mizani ikasoma 31. Nikaweka alama ya rangi kwenye mbao na kufunga kizuizi cha pua pale pale, ili boti ikae mahali hapo kila inapopakiwa.

Saa 9 alasiri

Barabara ya Lindi, kuelekea Mikindani, kilomita kama 10. Minyororo miwili ya usalama imepishana chini ya shingo, ili kichwa kikichomoka shingo idakwe kabla haijagusa lami. Taa za breki na indiketa tumezijaribu, kitambaa chekundu kimefungwa mkiani mwa kayaki. Mteja anaendesha, mimi naangalia kioo cha pembeni. Tela limetulia. Kwa mzigo mdogo hivi nililipunguzia jani moja la springi kila upande. Springi ngumu chini ya mzigo mwepesi hurukaruka, na kila mruko unaishia kwenye boti.

Saa 10 jioni

Mvumbuzi David Livingstone alipofika pwani hii mwaka 1866 alishindwa kuteremsha wanyama wake kwenye mdomo wa mto Ruvuma, akaja kuwateremshia kwenye ghuba hii ya Mikindani. Ukiiona ilivyofungwa na nchi kavu pande karibu zote, na maji yalivyotulia hata kusi ikivuma, unaelewa.

Tumengoja habu zipoe. Tumechomoa waya wa taa, maana taa ya moto ikigusa maji hupasuka. Kisha mteja akarudisha nyuma taratibu, mimi nikiwa ndani ya maji hadi magotini. Boti ikaanza kuinuka mkia, rola zikazunguka, ikateleza yenyewe ikatoka. Matairi ya gari yalikuwa bado kwenye mchanga mkavu. Kijana wangu alipiga makofi, na mimi nilifurahi sana. Tumeirudisha kwa winchi, tukaishusha tena, tukaipandisha tena, mpaka mteja mwenyewe akafanya bila mimi kusema neno.

Saa 12 jioni

Karakanani. Maji baridi, mengi, kwenye springi, yubolti, ndani ya chaneli, na kwenye zulia kwa sababu zulia linashika chumvi kuliko chuma. Tumefungua kifuniko cha habu moja: grisi safi, hakuna maji. Nati za tairi nimezikaza upya, na nimemwambia azikaze tena akishatembea kilomita 50, maana rimu mpya hujikalia vizuri na nati hulegea. Mwezi ujao alilete nifungue habu zote mbili nitazame tena. Amelipa kilichobaki, ameuliza kama Jumamosi anaweza kwenda nalo Msimbati. Nimemwambia aende, apunguze upepo wa matairi akifika kwenye mchanga, na abebe pampu ya kuujaza tena kabla ya kurudi lami.