Bakteria walionusurika ndio walionipa tasnifu ya uzamivu

Pendekezo langu la utafiti wa uzamivu lilikuwa na lengo moja tu: kumtafuta faji, yaani virusi anayeshambulia bakteria, atakayemmaliza Pseudomonas aeruginosa. Bakteria huyu huishi kwenye maji na udongo, lakini akiingia kwenye jeraha la moto au mapafu ya mgonjwa aliyedhoofika, kumtoa ni kazi kubwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka aina yake iliyo sugu kwa kabapenemu, yaani antibiotiki zenye nguvu, katika kundi la kwanza la bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka.

Faji nilimpata mapema kuliko nilivyotarajia. Mchuzi wa virutubisho uliojaa bakteria, mzito na wenye ukungu, ulikuwa angavu kama maji saa chache baada ya kumtia. Kisha chupa ikilala kwenye kabati la joto hadi asubuhi, ukungu unarudi. Nikabadilisha kiasi cha faji, nikabadilisha joto, hali ikawa ile ile. Nilipompelekea msimamizi wangu grafu, hakuitazama sehemu inayoshuka, ile niliyoifurahia. Aliweka kidole kwenye mkia unaopanda na kuniuliza: “Hawa ni akina nani, na walikuwa wapi wenzao walipokuwa wakifa?”

Swali hilo ndilo lililogeuka kuwa tasnifu. Liligawanyika mara mbili: je, usugu huzaliwa bakteria anapokutana na virusi, au kuna wachache waliokwisha kuwa sugu kabla hata virusi hajafika?

Jibu la jumla limejulikana tangu mwaka 1943, Salvador Luria na Max Delbrück walipoonyesha kwamba mabadiliko ya jeni hutokea yenyewe, kabla ya shambulio. Lakini lilikuwa jibu kwa bakteria mwingine na faji mwingine, nami nilitaka kuliona kwa macho yangu kwa hawa wangu. Nikaanza na njia yao. Unagawa bakteria wachache wachache katika mirija mingi, unawaacha waongezeke, kisha kila mrija unaumwaga kwenye sahani yake iliyopakwa faji. Usugu ukiwa unazaliwa pale kwenye sahani, idadi ya koloni, yaani madoa ya bakteria yanayoonekana kwa macho, itakaribiana kutoka sahani moja hadi nyingine. Ukiwa ulizaliwa mapema ndani ya mirija, sahani nyingi zitakuwa na koloni chache au zisiwe na kitu, na moja moja itafurika, kwa kuwa bakteria sugu aliyetokea mapema ameacha ukoo mrefu. Zangu zilitofautiana hivyo hasa. Niliitazama sahani ile iliyofurika kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Hata hivyo, hesabu ni ushahidi wa pembeni. Nilitaka kumshika bakteria sugu ambaye hajawahi kuguswa na faji. Njia ya kufanya hivyo niliipata katika makala ya mwaka 1952 ya Joshua na Esther Lederberg, na hapa lazima nimtaje Esther peke yake. Alihitimu uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1950, na ndiye aliyemgundua faji lambda, ambaye biolojia ya molekuli imejifunza kwake mambo mengi mno. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1958 ilikwenda kwa mumewe na wanasayansi wengine wawili. Jina la Esther linastahili kufundishwa kila mahali panapofundishwa lambda, nami nimemweka katika ukurasa wa kwanza wa sura yangu ya tatu.

Chombo chao ni kitambaa cha mahameli. Unakitakasa kwa mvuke, unakifunga juu ya gogo la duara, unaigandamiza sahani iliyoota bakteria juu yake, na nyuzi zake ndogo zinabeba bakteria kutoka kila sehemu bila kuharibu mpangilio. Kisha unagandamiza sahani mpya moja baada ya nyingine, zote zimepakwa faji. Koloni sugu zikiota mahali pale pale kwenye sahani zote, basi wazazi wao walikuwapo kwenye sahani ya kwanza, ambayo haijawahi kuona virusi. Zangu ziliota mahali pamoja. Nikarudi kwenye sahani ya awali, nikachota bakteria wa eneo hilo, nikarudia mzunguko hadi nikapata kundi safi la bakteria sugu wasiomjua faji kabisa. Maabara yetu ina mashine za kusoma jeni zinazogharimu fedha nyingi, lakini ushahidi huu uliletwa na kipande cha nguo.

Mashine zilikuja baadaye, kueleza sababu. Faji wangu hushika kinywele chembamba kilicho juu ya mwili wa bakteria. Bakteria hukirusha, kikanasa mahali, kisha hukivuta ndani ili ajikokote. Akikivuta, faji aliyenata huletwa hadi ukutani na kuingiza vinasaba vyake. Baadhi ya bakteria wangu sugu walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo pilT, inayoendesha uvutaji huo. Vinywele wanavyo, tena vingi, ila havirudi ndani. Nilithibitisha kwa jaribio rahisi: unamchoma bakteria hadi chini ya agari, ile jeli anayooteshwa juu yake, na kuangalia kama anasambaa kati ya agari na sahani. Wa kawaida walitandaa duara pana. Hawa walibaki pale pale nilipowachomeka.

Jambo moja lililonisaidia sana ni mazoea ya kuandika kwenye daftari, kabla ya kufungua sahani, matokeo gani yangenilazimisha kuliacha wazo langu. Lingine ni kugandisha sampuli ya kila hatua kwenye gliseroli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Mhakiki mmoja wa makala alipouliza kama usugu ulitokana na faji aliyejificha ndani ya bakteria, sikuanza upya: niliwatoa kwenye jokofu, nikawasafisha koloni moja moja, nikamtafuta faji huyo kwa uchunguzi wa jeni na sikumkuta. Makala ikapita.

Katika utetezi, watahini hawakukaa sana kwenye mahameli. Walitaka kujua usugu huo unamgharimu nini bakteria. Niliwaonyesha kwamba wasioweza kujikokota walijenga utando mwembamba zaidi kwenye plastiki, na utando ndio ngome yao dhidi ya dawa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza faji wa Pseudomonas anayeshika pampu ya kutolea dawa nje ya mwili wa bakteria, hivyo bakteria akimkwepa faji kwa kuiharibu pampu, dawa zinaanza tena kumdhuru. Mwanafunzi aliyenifuata sasa anawapa bakteria wangu sugu faji wa pili, anayeshika sukari za ukutani badala ya kinywele, ili aone watanusurika kwa kupoteza nini safari hii.