Nilivyohangaika na tempo ya Zaburi 13 mpaka ikakaa

Yaani sikutegemea zaburi yenye mistari sita tu initoe jasho namna hii. Melodi ya Zaburi ya 13, ile ya "hata lini utanisahau", nilishaitunga zamani, sasa nikaweka metronomu (kile kidude cha kugonga tempo, yaani kasi ya wimbo) kwenye mapigo 92 kwa dakika, ki (ile noti wimbo unapokaa) ya G meja kwa sababu ndo vidole vyangu vimezoea pale kwenye kinanda (sababu ya kijinga najua), nikarekodi usiku mmoja nikalala na furaha zangu. Asubuhi nikamtumia rafiki yangu asikilize, akanijibu kwa kifupi tu, "Kaka, hapa unalalamika au unaingiza maharusi?"

Nikanuna kidogo. Ila nilivyorudia kusikiliza nikaona ana hoja, mtu anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne mfululizo af chini yake ngoma inadunda kama sherehe.

Kwanza nikatafuta njia ya mkato, rekodi ileile nikaivuta kwenye programu kutoka 92 mpaka 66. Ki haikubadilika, programu za siku hizi zinatenganisha spidi na ki, sio kama kanda za zamani ambapo ukipunguza spidi kiasi hicho sauti nayo ingeshuka karibu nusu toni sita ukasikika kama jitu. Lakini sauti ikawa ya majimaji, kila penye "s" panavutika, nikafuta.

Teki iliyofuata nikaruka upande wa pili kabisa: 52, B maina (maina ndo ile yenye sauti ya huzuni, meja ya kuchangamka), taa nimezima ili nipate hisia eti. Ikawa mbaya kuliko ya kwanza. B maina ilinishusha mno, zile noti za chini zikabaki kunong'ona tu, na kwenye 52 mstari wa biti (mapigo) nane unakula sekunde 9 na ushee kwa hiyo pumzi inakata kabla sijafika "uso wako", nikawa navuta pumzi katikati ya neno na pichi (kimo cha sauti) inashuka kidogo kidogo wala sijui. Ukiwa unaimba unadhani hiyo ndo huzuni, ukija kusikiliza unasikia mtu kachoka.

Sa kilichonitoa ni kuacha kinanda kabisa. Nikaisoma zaburi kwa sauti, kama ninavyoongea nikiwa nimekerwa na mtu ninayempenda, huku nagonga meza kila penye mkazo. Kumbe mtu anayelalamika haongei taratibu hivyo, anayasukuma maneno halafu ananyamaza, anasukuma tena ananyamaza. Nikalinganisha na metronomu ikawa inaangukia 66 hivi, na biti nane hapo ni sekunde 7 na kitu, pumzi inatosha na inabaki. Halafu nikaona kosa lingine ambalo wala halikuwa la tempo: "utanisahau" mkazo wake uko kwenye "ha", mi melodi yangu mpigo mzito ilikuwa inaupiga kwenye "ta", ndo maana hata nikipunguza spidi neno linachechemea tu. Nikauanzisha mstari kabla ya mpigo wa kwanza, "ha" ikaenda kukaa pake.

Ki nikachagua D maina. Sauti yangu inapumua pale, ila sababu kubwa ni mstari wa tano, pale zaburi inapogeuka ghafla na kuanza kutumainia fadhili. Wengi hapo wangepandisha ki toni nzima na ngoma juu, mi naona ni kumsukuma msikilizaji afurahi kwa nguvu. Kutoka D maina nikahamia F meja, kwa watu wa solfa (wanaosoma noti kwa doh, re, mi) ni kwamba doh inabaki F palepale tangu mwanzo, wimbo ulikuwa umekaa kwenye noti ya "la", sasa unatulia kwenye doh. Tempo nikaipandisha mpaka 70 tu. Ngoma hakuna, kinanda na sauti basi, na maiki nimeisogelea.

Kabla ya huo mstari wa tano pana biti nne tupu na ndani yake unanisikia navuta pumzi, nzito kabisa. Rafiki yangu akasema kaka hiyo ikate, ni uchafu. Nimeiacha.