Kunguru wa Savrasov

Wengi wetu tukitajiwa picha ya mashamba katika majira ya kuchipua, hutarajia maua na majani mabichi, lakini ile niipendayo kuliko zote haina hata ua moja. Ni *Kunguru Wamerejea*, aliyoichora Mrusi Alexei Savrasov mwaka 1871 na ambayo sasa imo katika Jumba la Tretyakov mjini Moscow. Nakala yake nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi.

Mandhari ni ya kijiji cha Molvitino, mkoani Kostroma, ambacho siku hizi huitwa Susanino. Mbele imesimama miti michache yenye magome meupe, iliyokonda na kupindapinda, na matawini mwake kunguru wanajenga viota. Nyuma ya uzio wa mbao kuna nyumba duni na kanisa lenye mnara wa kengele, kisha mashamba tambarare yanayokwenda hadi upeo wa macho. Theluji imechafuka na kulegea, na pembeni imekwisha kuwa dimbwi.

Sisi tuliozoea kunguru wa majalalani, wasiohama mwaka mzima, huenda tusione kwa nini ndege huyu awe habari njema. Kunguru wa kule hukimbia baridi kali na kurudi mwezi Machi, kabla jani lolote halijachomoza, hivyo mwanakijiji aliyewasikia wakipiga kelele alijua kwamba baridi imeshindwa. Tazama chini, karibu na mashina: mmoja yuko juu ya theluji, kijiti kikiwa mdomoni. Ndege huyo mdogo ndiye anayenirudisha kwenye picha hii kila mara, kwa sababu Savrasov hakungoja uzuri ufike ndipo achore. Alichora kazi ya kuuandalia mahali.

Picha hiyo, yenye kimo cha sentimita 62 tu, ilionyeshwa mwaka huohuo mjini St. Petersburg katika maonyesho ya kwanza ya Peredvizhniki, wachoraji waliokusudia kuzungusha sanaa yao mikoani. Mwenzao Ivan Kramskoi aliandika kwamba mandhari nyingine zilikuwa nzuri, ila roho imo katika hii peke yake. Nakubaliana naye kabisa. Jua lenyewe halionekani popote, mbingu imejaa mawingu, lakini vivuli vyembamba vya miti vimelala juu ya theluji.