Friji la kulala au la kusimama kwa gari la porini: nilivyoamua mimi huku Mtwara

Wakati natafuta friji la kuweka kwenye mkonga yangu, yaani Land Cruiser ya kazi, karibu kila mtu aliniambia chukua la kusimama, lile la mlango wa mbele. Kaka utaona kila kitu, hutainama, hutafukua, linakaa tu kama kabati. Na wachache waliosema la kulala, lile la kifuniko juu, sababu yao ilikuwa moja, eti hewa baridi ni nzito, ukifungua mlango wa mbele inamwagika yote chini. Ni kweli inamwagika, ila hewa yenyewe inabeba ubaridi kidogo sana, ubaridi wa maana uko kwenye samaki na chupa za maji zilizomo ndani. Swali ambalo hakuna aliyeniuliza ni hili: gari ikipanda mlima au ikiingia shimoni, mzigo ulioko ndani ya friji unaegemea wapi?

Kazi yangu ni kupeleka watu porini. Watafiti, wapima ardhi, wageni wanaotaka kufika Tendaguru kule Lindi kuona sehemu Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria mwaka 1909 mpaka 1913, wengine nawapeleka Liwale. Chakula napika mimi, kwahiyo nguru akiharibika njiani wa kuulizwa ni mimi.

Gari ya tajiri wangu wa zamani ilikuwa na friji la kusimama, tena la maana, la volti 12 lenye kompresa, yale wanayotengeneza kwa ajili ya boti na magari ya kulala, sio dogo la nyumbani unaloliunga na inveta. Kwenye lami mpaka Masasi lilikuwa safi kabisa. Balaa lilikuja tulipoiacha Nachingwea tukashika vumbi la Liwale, ile barabara ina mawimbi yanayotetemesha gari mpaka unasikia kwenye meno. Friji limefungwa linatazama nyuma, kila kilima mzigo wote unausukuma mlango, na mlango wenyewe umeshikwa na kikomeo kimoja cha plastiki. Kikaachia. Hatukusikia kitu kwa kelele za gari, tumekuja kusimama ndio tunakuta nyanya zimesagika chini ya majerikeni, maziwa yamepasuka, na maji ya samaki yameshaingia chini ya mkeka mpaka kwenye mabegi ya wageni. Ile harufu ilikaa kwenye gari muda mrefu sana, tuliosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa siki, ikipigwa jua tu inarudi.

Tajiri akasema funga mkanda wa mizigo mbele ya mlango. Nikafunga, mlango ukatulia, ila baada ya muda friji likawa halipumziki, kompresa inazunguka usiku kucha na asubuhi betri haina kitu. Fundi akasema gesi imepungua. Mimi sikuridhika. Usiku nikachukua simu, nikawasha tochi, nikaiweka ndani ya friji nikafunga mlango, nikazima taa zote za gari nikaanza kukagua mpira pembeni taratibu. Kona ya chini kulia mwanga unatoka! Mlango ulishapinda kwa kubebeshwa mzigo na mpira haugusi tena. Na huku pwani hewa ina unyevu mwingi, pakiwa na upenyo hata mdogo ule unyevu unaingia unaganda, kule ndani barafu ilikuwa nene kama kidole. Gesi ilikuwepo, mlango ndio ulikuwa umekwisha. Hiyo mbinu ya tochi naiamini mpaka leo, na ukienda kununua friji la mtumba usione aibu, omba kuifanya mbele ya muuzaji.

La kulala kifuniko chake kiko juu, mzigo unakaa chini kwenye sakafu, hata gari iinuke vipi hakuna kinachosukuma kifuniko, na uzito wake wenyewe unakibana kwenye mpira. Nikachukua Engel ya mtumba ya lita 40, ni ya Kijapani, ikanitoka milioni moja na ushee. Na usidanganywe na vile viboksi vya bei rahisi visivyo na kompresa, vinapoza digrii kama 20 tu chini ya joto la nje, sasa gari imepaki juani ndani ni 45, samaki utamuweka kwenye 25?

Hilo la kufukua ni kweli, kitu kikiwa chini lazima utoe vya juu. Dawa yake nimeitengeneza mwenyewe na naipenda. Nilishonesha mifuko ya wavu, kila mmoja una kamba ndefu ya rangi yake na kamba zote zinaishia juu. Nyekundu samaki, wanakaa chini kabisa penye ubaridi mkali, bluu nyama, njano mboga. Mayai na nyanya naweka juu kabisa, pale hapagandishi. Nikitaka nguru navuta nyekundu, sekunde tu kifuniko kimerudi. Mke wangu alipoiona akataka na ya friza la nyumbani. Nafasi ikibaki najaza chupa za maji zilizogandishwa tangu nyumbani, na friji nalianza kwa umeme wa TANESCO siku moja kabla ya safari, betri isibebeshwe kazi ya kupoza vitu vya moto.

Waya jamani. Fundi mmoja alitaka kuniungia kwenye soketi ya kuwashia sigara na kile kiwaya chembamba. Umeme unapungua njiani, friji linadhani betri imeisha linajizima wakati betri imejaa. Vuta waya wa milimita 6 kutoka kwenye betri ya pili, ile ya kuendeshea friji, mpaka nyuma, fyuzi iwe karibu na betri.

La kusimama lina watu wake. Gari kubwa la kulala, safari za lami, au mgongo haukuruhusu kuinama, chukua tu, ila likae ubavuni mlango utazame katikati ya gari na komeo liwe la chuma.

Mimi ili nisiiname nimechongesha reli ya kuvuta kwa fundi welda pale Mtwara, laki na nusu hivi, friji linatoka lote nje ya mlango. Pima kabla hujachongesha, kifuniko kikifunguka kisigonge dari, na upande wa feni uachiwe nafasi ya kutolea joto. Fundi alitaka kuchomelea reli kwenye bodi, nikamkatalia, funga kwa bolti, siku ukibeba saruji unaitoa yote unaiacha nyumbani.