Mpito wa WASP-43b: grafu nzuri, saa mbovu

WASP-43b, sayari iliyo nje ya mfumo wa Jua, huizunguka nyota yake, WASP-43, kwa saa 19 na nusu tu. Kila inapopita mbele ya nyota (ndio mpito), mwanga hupungua kwa takriban asilimia 2.5 kwa zaidi kidogo ya saa moja, na darubini ya kioo cha sentimita 20 inatosha kuupima. Ukiwa Dar es Salaam, nyota hiyo hupita karibu na utosi. Februari, kabla masika hayajaanza, iko juu kabisa mnamo saa sita usiku.

Anza kupiga picha saa moja kabla ya mpito, umalize saa moja baada yake. Usipopata mwanga wa kawaida wa pande zote mbili, programu ya kuchambua picha itaisogeza katikati ya mpito. Picha za sekunde 60 kwa kichungi chekundu zinafaa; pikseli yenye mwanga mwingi isizidi asilimia 70 ya uwezo wake. Nyota za kulinganishia ziwe tatu au zaidi, zenye rangi inayokaribiana na ya WASP-43, la sivyo grafu ya mwanga itainama kadiri nyota inavyoshuka. Epuka usiku ambao darubini italazimika kugeuzwa katikati ya mpito: nyota itahamia pikseli nyingine na grafu itaruka.

Hayo yote yakikosewa, grafu yenyewe itakuonyesha. Saa ikikosewa haikuonyeshi kitu, kwa sababu kosa ni lilelile katika kila picha. Ndiyo maana nawashangaa wanaonunua kamera ya bei kubwa kisha wakaiamini saa ya kompyuta. Isawazishe kwa NTP, yaani kwa seva za saa za intaneti, au kwa kipokezi cha GPS kama hakuna intaneti, na uikague tena mwishoni.

Na usidhani sekunde ni jambo dogo. Mzunguko wa sayari nyingine, WASP-12b, unafupika kwa sekunde 0.029 hivi kila mwaka. Kwa kuwa upungufu hujilimbikiza, baada ya miaka 10 mpito unawahi kwa takriban dakika 8. Vipimo kama hivi hukusanywa na mradi wa ExoClock, unaotunza ratiba za mipito kwa ajili ya chombo cha anga cha Ariel cha Ulaya.

Ukiona tofauti kati ya wakati uliopima na utabiri wa mpito, itazame ukubwa wake kwanza. Sekunde 30? Huenda faili ya FITS, yaani faili ya picha ya kamera, imeandika mwanzo wa picha, nawe ukauchukua kama katikati. Sekunde 69 ni UTC (saa ya kimataifa) isiyobadilishwa kuwa TDB, kipimo cha wakati cha wanaastronomia. Tofauti inayopanda na kushuka mwaka mzima, hadi dakika 8 na ushei, ni ya wakati ambao haujahamishiwa kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua. Programu ya AstroImageJ huukokotoa ukiipa mahali ilipo nyota na ulipo wewe. Tofauti ya saa 3 kamili ni saa za Afrika Mashariki zilizoandikwa kama UTC. Tofauti isiyolingana na yoyote kati ya hizi, pima mpito mwingine kabla ya kumtangazia mtu sayari mpya inayoivuta hii.