Redio ya Kitonga

Asubuhi ya leo binti yangu kanikuta nimeinama nyuma ya gari, pua karibu na bomba la moshi. "Baba, unanusa nini huko?" Nikamwambia naangalia kama gari linakula vizuri. Akanitazama kwa huruma. Simu ilikuwa mfukoni, imeunganishwa na kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani, na namba zote zilikuwa humo. Pua haikuhitajika. Lakini harufu ya petroli isiyoungua ina njia yake, na mimi hunirudisha mlima Kitonga, njia ya Dar kwenda Iringa, 2008, ndani ya pikapu ya Baba Mdogo.

Ile Peugeot 504. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache tu nyuma, kichwa kimefura. Nikanunua sensa ya oksijeni ya mtumba Ilala, ya waya mmoja, nikachomelea nati ya milimita 18 kwenye bomba la moshi chini kidogo ya manifoldi, nikaifunga humo. Waya nikaupitisha hadi kwenye dashibodi, nikauunga na multimita, kile kipima umeme, niliyoibana kwa raba. Baba Mdogo aliitazama kazi yote akiwa amekalia tairi bovu, anakunywa chai. Mwishoni akauliza, "Hii redio inakamata Taifa?"

Nikamweleza. Kilo moja ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa ili viungue pasibaki kitu. Sensa inaonja oksijeni iliyosalia kwenye moshi: ikisalia nyingi, inatoa umeme kiduchu, kama volti 0.1, isiposalia, inapanda mpaka kwenye 0.9. Penyewe ni katikati, kama 0.45. Nikaongeza, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuongeza, kwamba Volvo walizifunga kwenye magari ya California tangu 1976.

"Basi huko hawana pua," akasema, akawasha.

Mwanzoni redio haikusema kitu. Sensa ya waya mmoja haina hita yake. Inangoja moshi uipashe, kama nyuzi 300 hivi, ndipo iamke. Baba Mdogo alikifurahia sana kimya hicho. Tulipofika Kimara ikaamka: 0.87. Morogoro, 0.87. Kwenye tambarare ya Mikumi, mguu umelegea, namba ilipaswa kushuka. 0.86.

"Baba Mdogo, mafuta yanazidi. Jeti ni kubwa." Jeti ndiyo yenye tundu linalopima petroli ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa.

Akasema injini inayoshiba haichemki, na kwamba njia hii ameiendesha tangu sijaota meno. Nikageukia dirishani kuhesabu nyani.

Kitonga hamhitaji kusimuliwa. Malori mbele yanatambaa, korongo upande mmoja, mwamba upande wa pili, gia ya pili na huna pa kuikimbilia. Hewa inazidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda, na kabureta haijui habari hiyo, inamimina vilevile. Tukiwa katikati, injini ikaanza kutetemeka. Si kuzima, kutetemeka, kama mtu aliyeanza homa. Nikatazama multimita. Ile 0.87 iliyokuwa imeganda tangu Kimara ikaanguka, ikarukaruka, ikatua 0.08.

Nikapiga kelele kwa furaha, nakiri. "Hewa imezidi! Mafuta hayafiki!" Nikanyoosha mkono mwenyewe nikavuta choki, inayobana hewa ili petroli izidi. 0.08. Nikavuta zaidi. 0.07. Pikapu ikakohoa, moshi mweusi ukajaa kwenye kioo cha pembeni, lori la nyuma likapiga honi ndefu. Mimi macho kwenye namba, navuta, nikingoja ipande. Petroli ilikuwa inanukia mpaka ndani ya kabini, nami niliyekuwa nadai mafuta hayafiki nilikuwa naivuta kwa pua zangu mbili.

"Rudisha hiyo choki," Baba Mdogo akasema taratibu. Akapata upenyo, akapaki. Nikaweka mawe nyuma ya matairi, nikakata matawi nikayatandika barabarani. Akaniambia niiache injini ikisaga. Akaenda nyuma, akachuchumaa, akaweka kiganja mbele ya ekzosi kama anayepima homa ya mtoto. Akakaa hivyo muda. Moshi ulimpiga kiganjani, ukampiga, ukampiga, ukaruka mmoja. Akanusa kiganja. Kisha akaja mbele, akafunga kitambaa mkononi, akaanza kuchomoa waya za plagi moja moja. Wa kwanza, injini ikayumba. Akarudisha. Wa pili, ikayumba. Wa tatu, ikaendelea vilevile, kama hakuna aliyeigusa.

"Huyu kalala."

Plagi ilitoka nyeusi tii na imelowa. Akafunga nyingine kutoka kwenye kopo la Blue Band. Tulipowasha, multimita ikarudi 0.88.

Ilinichukua mpaka Ilula kuelewa. Silinda isiyowaka inatema hewa yake yote bombani, na petroli yake pia, lakini petroli sensa haiioni. Inachojua ni oksijeni tu. Iliona oksijeni nyingi, ikasema oksijeni nyingi. Yale mengine, kwamba mafuta hayafiki, niliyasema mimi.

Ila sasa, ile plagi. Ilizibwa na masizi, masizi yanapitisha umeme, cheche ikapotelea humo. Na masizi yalitoka wapi, kama si kwenye 0.87 ya Dar mpaka pale? Nilikuwa na jibu hilo ulimini njia nzima iliyobaki, nikalimeza.

Usiku Iringa, Baba Mdogo aliwasimulia wenyeji jinsi redio ya kijana ilivyopoteza stesheni Kitonga. Watu walicheka hadi machozi, nami nikacheka.

Asubuhi nilitoka nje na baridi ile ya Iringa, nikakuta boneti iko wazi. Kabureta imefunuliwa. Baba Mdogo ameshika jeti mbili za shaba kuelekea jua, anachungulia matundu yake, moja kisha nyingine. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, bila kugeuka. Akaiweka ile ndogo mdomoni, akaipuliza.

"Hiyo redio yako. Betri bado inazo?"