Mkono Ulioachiliwa: Baada ya Sehemu ya Kwanza ya The Missing

Jumanne usiku, tarehe 28 Oktoba 2014, BBC One ilianza kuonyesha The Missing, tamthilia ya sehemu nane inayomhusu mtoto wa miaka mitano anayetoweka akiwa safarini na wazazi wake nchini Ufaransa. Tangu usiku huo, wazazi wenzangu hapa Uingereza hawana mazungumzo mengine. Kazini, kwenye simu na dada yangu, na kwenye bustani ya kuchezea watoto ambako tunakutana wiki hii ya likizo ya nusu muhula, kila mtu ana neno lake, na karibu maneno yote yanaishia mahali pamoja: baba aliachia mkono wa mtoto. Mama mmoja aliniambia kwamba yeye asingeuachia hata dunia ipasuke. Alikuwa anasema kweli, au angalau anaamini hivyo kwa dhati, lakini nilipokuwa namsikiliza niliona kwamba anajitetea mbele ya mtu ambaye hajamshtaki.

Kwa wale ambao hawajaiona, nitaeleza kisa chenyewe bila kugusa dakika za mwisho. Tony Hughes, anayeigizwa na James Nesbitt, mkewe Emily, anayeigizwa na Frances O'Connor, na mtoto wao Oliver, ambaye nyumbani wanamwita Olly, wako njiani kwa gari wakati gari linapoharibika, na wanalazimika kulala katika mji mdogo uitwao Chalons du Bois. Mji huo haupo kwenye ramani. Umebuniwa na waandishi, ndugu wawili Harry na Jack Williams, na sehemu kubwa ya picha ilipigwa Ubelgiji. Ni Julai ya mwaka 2006, wakati wa Kombe la Dunia. Jioni baba anampeleka mtoto kuogelea, mama anabaki hotelini. Baada ya kuogelea wanasogea kwenye baa iliyo karibu na bwawa, ambako watu wamejazana kuangalia robo fainali kati ya Ufaransa na Brazil. Tony amemshika Olly mkono. Kelele za ushangiliaji zinalipuka, watu wanarukaruka na kusukumana, baba anainua macho, na anapoyashusha mtoto hayupo.

Hatuoni mtu akimnyakua. Hakuna gari linaloondoka kwa kasi wala uso wa mtu mwovu unaochungulia kutoka gizani, na kwa mtazamaji aliyezoea tamthilia za utekaji ambazo humwonyesha mtekaji mapema, huku ni kunyimwa jambo ambalo alikuwa na hakika atapewa. Mwongozaji, Tom Shankland, anatuachia umati uliojaa furaha na mwanamume mmoja anayeanza kuita jina. Mwanzoni anaita kama mzazi anavyomwita mtoto aliyejificha kwa mchezo, bado ana aibu kidogo ya kupiga kelele mbele ya wageni. Halafu sauti inabadilika. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimemshika mwanangu, aliyekuwa amelala kwenye kochi kando yangu, kwa nguvu zilizomfanya alalamike usingizini, na nimesikia wazazi wengi wakisimulia mambo kama hayo: aliyepanda ngazi kwenda kuhakikisha watoto wako kitandani, aliyezima televisheni, aliyetoka nje ya chumba na kumwachia mwenzake aangalie peke yake.

Mechi ile, bila shaka, ilichezwa kweli. Ilikuwa Frankfurt, Jumamosi ya tarehe 1 Julai 2006, na ilikuwa na goli moja tu, la Thierry Henry katika dakika ya 57. Mume wangu aliiangalia Magomeni, kwenye kibanda umiza, mchezo ukianza saa nne usiku kwa saa za Dar es Salaam, na anakumbuka kwamba watoto wa mtaa walikuwa wamekaa chini mbele kabisa, miguuni mwa watu wazima, kama ilivyo desturi. Baada ya tamthilia kwisha alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba goli lile lilipoingia, hata angekuwa na mtoto wake pale, asingejua yuko wapi kwa sekunde kadhaa. Hakuna mtu pale ambaye angejua. Kauli hiyo ilinigusa kuliko hukumu zote nilizozisikia baadaye, kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyekubali kujiweka mahali pa Tony badala ya kusimama kando na kumpima.

Nadhani lawama nyingi zinazomwangukia baba huyu wa kubuni zinatokana na woga. Tukishasema kwamba mtoto alipotea kwa sababu mzazi alifanya kosa, tunakuwa tumejihakikishia kwamba sisi, ambao hatutafanya kosa hilo, tuko salama. Lakini ukiitazama tena sehemu ile kwa utulivu, kosa halionekani. Mtoto hakuachwa peke yake, hakutumwa dukani usiku, baba hakuwa amelewa. Alikuwa amemshika mkono katikati ya watu. Mzazi yeyote aliyewahi kupita Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu akiwa na mtoto anajua kwamba mkono huteleza, na kwamba mara zote huupata tena hatua mbili mbele, na hata kumbukumbu ya tukio hilo haibaki. Waandishi wamechukua tukio ambalo sote tumelipitia tukalisahau, wakakataa kuturudishia mkono.

Shangazi yangu, ambaye amekuja kutoka Tanga kutusaidia baada ya mimi kujifungua, alikuwa na hoja tofauti kabisa, na ningependa kuiandika kwa sababu sijaisikia kwa Mwingereza yeyote. Yeye hakumlaumu baba. Aliulaumu mji. "Mwanangu," aliniambia, "mbona watu hawa wanaendelea kukaa majumbani mwao?" Kwao mtoto akipotea, kipaza sauti cha msikiti hutangaza mara moja: mtoto wa kiume, umri kadhaa, amevaa nguo ya rangi fulani, aliyemwona amlete au apeleke habari kwa balozi wa nyumba kumi. Kabla ya polisi kufika, vijana wanakuwa wameshazunguka vichochoro vyote. Hakusema kwamba watoto hawapotei kwetu. Wanapotea, na wengine hawaonekani tena. Alichokiona kwenye kioo ni baba anayekimbia peke yake katika mji wenye watu, na upweke huo ulimuuma kuliko utekaji wenyewe.

Hoja yake ilinifanya nifikirie pia kuhusu mfumo wa dola. Mwaka huohuo wa 2006 Ufaransa ilizindua utaratibu wake wa kitaifa wa kutangaza utekaji wa watoto, ambao hurusha ujumbe kwenye redio, televisheni na mabango ya barabara kuu. Lakini utaratibu huo una masharti: utekaji uwe umethibitika na si kutoweka tu, maisha au afya ya mtoto iwe hatarini, kuwe na taarifa zinazoweza kusaidia kumpata, na aliyetekwa awe chini ya umri wa miaka 18. Masharti hayo yana sababu yake, kwani tangazo linalotolewa kila siku watu huacha kulisikiliza. Hata hivyo, tazama kinachompata mzazi kama Tony: hakuna aliyeona utekaji, kwa hiyo hakuna utekaji uliothibitika, na saa zenye thamani kuliko zote zinapita wakati watu wanauliza kama mtoto hakwenda tu kununua pipi.

Pingamizi kubwa zaidi nililolisikia linahusu Madeleine McCann, binti wa Kiingereza aliyetoweka Praia da Luz, Ureno, tarehe 3 Mei 2007 akiwa na umri wa miaka mitatu. Kesi hiyo haijafungwa. Polisi wa London wamekuwa wakiichunguza upya tangu mwaka 2011, na Juni 2014 walikuwa bado wanachimba ardhi katika mji huohuo. Wapo watazamaji wanaosema kwamba BBC haikupaswa kutengeneza burudani kutokana na jeraha ambalo bado linavuja damu, na hoja hiyo siwezi kuipuuza. Hata hivyo, baada ya kuona sehemu ya kwanza nina maoni tofauti. Mtoto hapa ni wa kiume, nchi ni nyingine na mazingira ya kupotea ni mengine, lakini muhimu zaidi ni kwamba tamthilia hii inawatazama wazazi kwa heshima ambayo magazeti mengi ya nchi hii yalishindwa kuwapa wazazi halisi. Kama kuna mtu aliyesoma vichwa vya habari vya mwaka 2007 na 2008 akaamini kila kitu, basi huenda saa moja na Tony na Emily ikamfanya afikiri tena.

Wengine wamelalamika kwamba kisa kinarukaruka kati ya miaka na kuwachanganya. Ni kweli kwamba hadithi inakwenda mbele na nyuma kati ya 2006 na 2014, lakini mwongozaji hakumtupa mtazamaji gizani. Mtazame Julien Baptiste, mpelelezi anayeigizwa na Tchéky Karyo: mwaka 2006 anatembea vizuri, leo ni mstaafu anayechechemea, na hatujaambiwa kilichompata. Tony wa 2006 ni mwanamume mchangamfu aliyenyooka. Tony wa leo amekonda usoni, anakunywa, anarudi mji uleule akiwa na picha ambayo ndani yake kuna skafu anayoamini ni ya mwanawe, na watu wa mji wanamwona kama msumbufu. Emily wa leo anaishi na mwanamume mwingine. Kwa hiyo tangu mwanzo tunajua kwamba mtoto hakupatikana usiku ule, wala wiki ile, wala mwaka ule. Na bado, Tony wa 2006 anapokimbia kuelekea bwawani, sote tulisogea mbele kwenye viti tukiomba amkute. Dada yangu aliniambia alijua kabisa kwamba hatamkuta na alimwombea hivyohivyo. Sijui kama kuna ushahidi bora kuliko huo wa kazi nzuri ya uandishi.

Kuhusu Emily, nimeshangazwa na ukali wa baadhi ya wanawake wenzangu, wanaosema kwamba mama wa kweli hawezi kuanza maisha mapya wakati mwanawe hajulikani alipo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi wawili wanaweza kuubeba kwa njia mbili ambazo haziwezi kukaa nyumba moja. Tony anaishi kwa kutafuta. Akiacha kutafuta ni kana kwamba amemzika mtoto. Emily hawezi kupumua katika utafutaji usio na mwisho. Frances O'Connor anaonyesha hayo kwa uso tu wakati simu ya Tony inapoingia, uso wa mtu anayetaka kusikia na anayeogopa kusikia kwa wakati mmoja. Yeye hakusahau. Anayemwita mama asiye na moyo amesikiliza maneno yake bila kumtazama.

Jambo lililonikaa zaidi rohoni, kama mtu niliyehamia nchi ya watu, ni lugha. Wafaransa wa tamthilia hii wanazungumza Kifaransa, na sisi tunasoma maandishi chini ya skrini, lakini Tony usiku ule hana maandishi ya kusoma. Anawaeleza watu jambo zito kuliko yote maishani mwake kwa maneno machache ya kubabaisha, na wanaomsikiliza wanahitaji sekunde za kuelewa ambazo yeye hana. Kuna watazamaji waliolalamika kuhusu kusoma maandishi mengi saa tatu usiku. Mimi nilimkumbuka kila mama niliyemwona akisimama mbele ya dirisha la mapokezi katika hospitali moja ya hapa, mtoto mgonjwa mgongoni, akitafuta neno la Kiingereza la maumivu aliyoyajua vizuri sana kwa Kiswahili, Kisomali au Kilingala. Nesbitt, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa, ameigiza hali hiyo kwa usahihi ulionishangaza.

Nina hofu moja kuhusu sehemu saba zilizobaki. Kisa cha mtoto aliyepotea kinahitaji watuhumiwa, na njia rahisi ya kuwapata ni kuwageukia wale ambao mtazamaji tayari anawaogopa: mhamiaji, maskini, mtu mpweke asiyeeleweka na majirani. Ufaransa ya 2006 ilikuwa imetoka tu kwenye ghasia za vitongoji za mwaka 2005, na miongoni mwa waigizaji yumo Saïd Taghmaoui, mzaliwa wa Ufaransa mwenye asili ya Moroko, akiigiza polisi. Ningependa waandishi wampe mtu huyo uzito kamili wa binadamu, mwenye udhaifu wake na akili yake, badala ya kumfanya kivuli cha kutia mashaka. Kufikia sasa wameonyesha uangalifu mkubwa kwa wazazi, na ninatarajia uangalifu huohuo kwa wengine wote wa mji ule, wakiwemo watakaoonekana wabaya.

Sehemu ya pili ilipangwa kuonyeshwa Jumanne, tarehe 4 Novemba 2014, saa tatu usiku. Shangazi amesema ataangalia, kwa sharti kwamba tumtafsirie Kiingereza na Kifaransa chote bila kumruka hata sentensi moja, na kwamba watoto wawe wameshalala vyumbani mwao.